Muulize Mama Wakili: Aliyeidai serikali, leo apewe kiti cha kuiamulia?

Shikamoo Mama Wakili. Nafundisha Uraia katika sekondari moja huku Igoma, Mwanza. Nimesoma habari kwamba rais wa Marekani amemteua kuwa jaji wa shirikisho wakili ambaye kazi yake yote imekuwa mikataba ya serikali. Yaani amelipwa miaka na miaka na makampuni yanayoidai serikali, halafu leo anakaa kuamua kesi za makampuni ya aina hiyohiyo dhidi ya serikali hiyohiyo. Nilipoieleza darasani, kidato cha nne walisema huko ni kumpa fisi bucha alinde. Nikakosa la kuwajibu. – Mwalimu, Igoma

Marahaba, mwalimu. Waambie vijana wako kwamba hata maseneta wa Marekani huuliza swali hilohilo, tena mbele ya kamera.

Tuanze na mahakama yenyewe, maana "jaji wa shirikisho" kule ni cheo cha watu wenye kazi tofauti. Wakili wa mikataba ya serikali akiteuliwa, mara nyingi hupelekwa Mahakama ya Madai ya Shirikisho, iliyoko Washington, jirani kabisa na Ikulu yao, kukiwa na bustani tu katikati. Majaji wake ni 16. Rais huteua, Seneti huthibitisha, na jaji hukaa kwa kipindi cha miaka 15. Hapo wanatofautiana na majaji wa mahakama za wilaya za shirikisho, ambao kiti chao ni cha maisha. Hakuna jopo la wananchi wa kusikiliza kesi. Jaji anasikiliza peke yake na kuandika hukumu peke yake. Na mdaiwa ni yuleyule kila siku: Marekani. Mdai anaweza kuwa mkandarasi, askari aliyepunjwa mshahara, mwenye shamba lililotwaliwa, mlipakodi anayetaka kurudishiwa chake, hata mzazi anayesema mwanawe alidhuriwa na chanjo.

Mahakama iliyoizaa hii ilianzishwa mwaka 1855. Kabla ya hapo, ukiidai serikali ya Marekani ulipeleka ombi Kongresi, ukakaa kusubiri wabunge wakuonee huruma. Hata ile ya 1855 mwanzoni ilikuwa inatoa ushauri tu, uamuzi ukabaki kwa wabunge. Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, Rais Abraham Lincoln aliwaambia wabunge kwamba serikali ina wajibu wa kumpa raia haki ya haraka dhidi yake yenyewe, kama inavyosimamia haki kati ya raia na raia. Miaka miwili baadaye mahakama ikapewa meno, na Sheria ya Tucker ya mwaka 1887 ikaufungua mlango kwa upana zaidi. Fikiria: mtu yuko vitani, hazina inakauka, na bado anasema tujiwekee mahala pa kudaiwa. Mimi nilipokuwa nafanya kazi upande wa serikali, nilikutana na wakubwa wachache sana wenye moyo huo.

Sasa kwa nini wapewe watu wa mikataba? Nitakusimulia kesi moja ambayo kila anayefanya kazi hii anaijua, na ambayo kwa watu wa ziwani haihitaji tafsiri kubwa. Mwaka 1905 mkandarasi aitwaye George Spearin alikubali kujenga chelezo kavu, yaani shimo kubwa la kutengenezea meli ambalo maji yake hutolewa, katika kambi ya Jeshi la Wanamaji huko Brooklyn, New York, kwa dola 757,800. Michoro ilitoka serikalini. Ilimtaka kwanza auhamishe mtaro wa matofali wenye upana wa futi 6 uliokatiza eneo la kazi. Akauhamisha kama alivyochorewa, serikali ikakagua, ikaridhika. Baada ya mwaka hivi, mvua kubwa ikakutana na maji ya bahari kujaa. Mtaro ukapasuka, shimo la chelezo likafurika.

Ndipo ikagundulika kwamba ndani ya mtaro mwingine, wa futi 7, uliokuwa umeungana na ule wa kwanza, kulikuwa na ukuta wa kuzuia maji ambao haumo kwenye mchoro wowote. Maji yaliyotakiwa kupita yakagota pale, yakarudi kwa Spearin. Wakubwa wa kambi walikuwa wanajua kwamba mitaro ya eneo hilo ilishawahi kufurika, mkandarasi hakuambiwa. Serikali ikamtaka atengeneze kwa fedha zake. Akagoma mpaka waelewane nani anabeba gharama. Serikali ikavunja mkataba, akaenda Mahakama ya Madai, akapata dola 141,180.86, na Desemba 1918 Mahakama ya Juu ikaubariki uamuzi huo. Msingi uliobaki ni huu: anayetoa mchoro anaudhamini mchoro wake, na mkandarasi aliyeufuata habebeshwi kosa la aliyechora.

Kesi kama hiyo huwezi kuiamua kwa busara za jumla. Inabidi ujue mchoro unasomwaje, mkaguzi wa serikali anasaini nini na anaponyamaza ina maana gani, nani alipaswa kupima ardhi kabla ya zabuni. Sisi tumeona nguzo za Daraja la JP Magufuli zikichimbiwa chini ya maji kati ya Kigongo na Busisi, kilomita kama 3, mpaka likafunguliwa Juni 2025. Katika kazi ya namna hiyo, mchanga ukikutwa mahali palipotarajiwa mwamba, nani analipa? Jibu linakaa kwenye masharti ya mkataba, kwenye kurasa ambazo wengi wetu huruka. Anayezisoma bila kusinzia ni yule ambaye zimemlisha maisha yake yote.

Tazama njia wanayopita. Jaji Matthew Solomson, aliyeteuliwa na Rais Donald Trump na kuthibitishwa Januari 2020, alianza akiwa msaidizi wa jaji katika mahakama hiyohiyo. Amefanya kazi katika kampuni za mawakili. Amekuwa Wizara ya Sheria, kwenye idara inayoitetea serikali katika kesi hizi, na amekuwa mwanasheria ndani ya Booz Allen Hamilton, kampuni kubwa inayoiuzia serikali huduma. Kwa hiyo amekaa meza zote: ya anayedai, ya anayedaiwa, na pembeni ya anayeamua. Ukisema wakili kama huyo ni wa makampuni tu, umesoma nusu ya wasifu wake.

Kuhusu hofu ya vijana wako, sheria ya shirikisho inamtaka jaji ajitoe katika shauri lolote aliloligusa akiwa wakili, au akiwa mtumishi wa serikali, au pale ambapo mtu mwenye akili timamu akitazama kutoka nje atatilia shaka kama jaji huyo hana upande. Na kabla ya kufika huko, mteule hujaza dodoso la Kamati ya Sheria ya Seneti lenye kurasa nyingi kweli: kila alichoandika, kila hotuba, mali na madeni yake, na kesi 10 kubwa alizozisimamia, pamoja na majina ya mawakili waliokuwa upande wa pili ili waulizwe. Hilo la mwisho nalipenda sana. Ukitaka kumjua wakili, muulize aliyepigana naye.

Mamlaka wanayokabidhiwa si ya mchezo. Februari 2020 jaji mmoja wa mahakama hii, Patricia Campbell-Smith, alisimamisha mkataba wa kompyuta wa Wizara ya Ulinzi ambao ungeweza kufika dola bilioni 10. Microsoft walikuwa wameshinda zabuni, Amazon wakalalamika. Mwaka uliofuata wizara yenyewe ikaufuta. Serikali kuu ya Marekani hutumia zaidi ya dola bilioni 700 kwa mwaka kununua vitu na huduma, na anayesema kwamba zabuni fulani haikwenda sawa anatakiwa asikilizwe na mtu anayejua zabuni ni nini.

Ila usiwaambie kwamba ujuzi huponya kila kitu. Jeshi la Wanamaji lilivunja mkataba wa ndege za A-12 Januari 1991, makampuni yakashtaki mwaka huohuo, na shauri likamalizika kwa suluhu Januari 2014. Kuna mawakili waliolianza wakiwa vijana wakalimaliza wakiwa na wajukuu.

Kuhusu fisi, basi: mimi ninayemwogopa ni jaji aliyekaa upande mmoja tu maisha yake yote, uwe upande wa makampuni au wa serikali. Na ninamwogopa zaidi yule ambaye hajawahi kukaa upande wowote, anayefungua mkataba kwa mara ya kwanza siku ya kesi.

Mama habari za kazi. Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Hao Wamarekani wanawahoji majaji wao bungeni. Sisi mbona tunasikia tu kwenye taarifa ya habari kwamba fulani ameapishwa? – Mama D., Kirumba

Nzuri, mama. Swali lako linanifaa kwa sababu ziwa letu, Victoria, lina nchi tatu, na kila nchi ina njia yake ya kupata majaji.

Kwetu, Ibara ya 109 ya Katiba inasema Rais huteua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Mteule awe na sifa za kisheria kwa muda usiopungua miaka 10. Bunge halihusiki. Ukivuka kwenda Uganda, Rais anateua kwa ushauri wa tume yao ya mahakama, na Bunge lazima liridhie; kamati ya uteuzi hukutana na mteule, kwa kawaida milango ikiwa imefungwa. Ukienda Kisumu, tangu Katiba ya 2010 nafasi ya ujaji inatangazwa kama kazi nyingine, watu wanaomba, tume inawahoji hadharani, na Wakenya wanatazama kwenye runinga wakinywa chai. Tume ikishapendekeza, Rais kazi yake ni kuteua.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliwateua 34 kati ya waliopendekezwa akawaacha 6, na hao 6 walisubiri mpaka William Ruto alipoingia Ikulu Septemba 2022. Marekani nako jina linaweza kulala Seneti mpaka kikao kifungwe, likarudishwa kwa Rais, naye akaamua kulituma upya au kuliacha. Wakili mzuri anakaa bila kujua aendelee kupokea wateja au afunge ofisi.

Ukiniuliza mimi, ningechukua usaili wa hadharani wa Kenya, ila wanasiasa wakae mbali nao. Mteule wa mahakama inayogusa fedha za umma akiulizwa mbele ya watu "uliwahi kumtetea nani, na ulilipwa na nani", anajibu mara moja na jambo linaisha. Asipoulizwa, watu hujijibu wenyewe, na majibu ya mtaani unayajua, mama, uko Mwaloni.

Shikamoo Mama Wakili. Nipo mwaka wa tatu, sheria, hapa SAUT Malimbe. Wenzangu wote wanataka jinai, haki za binadamu au kampuni za madini kule Geita. Mimi nimependa somo la ununuzi wa umma na mikataba ya serikali, wananicheka wanasema ni kazi ya maafisa ugavi. Nianzie wapi, na je, naweza kuwa jaji kwa njia hiyo? – Mwanafunzi, Malimbe

Marahaba, mwanangu. Waache wacheke. Siku wakipata mteja aliyenyang'anywa kazi ya barabara watakupigia simu.

Ukimaliza shahada, pita Shule ya Sheria Dar es Salaam, uapishwe uwakili. Hapo usikimbilie mjini kufungua ofisi yenye kibao kikubwa. Omba uanzie mahali mikataba inapozaliwa: kitengo cha sheria cha halmashauri, wakala wa barabara, mamlaka ya maji. Kazi ya kitengo hicho si ya kupendeza. Utaletewa rasimu ya mkataba saa kumi jioni, mkuu wako anataka uipitie kabla ya kesho, na ndani yake kipengele cha fidia ya ucheleweshaji kimenakiliwa kutoka mkataba wa kununua kompyuta na kubandikwa kwenye mkataba wa kuchimba kisima. Ukikiona, umeanza kuwa wakili wa mikataba. Ukikipitisha, utakutana nacho mahakamani.

Jifunze vitu ambavyo chuo hakikufundishi. Kaa na mhandisi akuonyeshe BOQ, yaani jedwali la kazi, vipimo na bei, mstari kwa mstari, mpaka uelewe kwa nini bei ya kokoto inabadilika mkandarasi akihama machimbo. Kaa na mhasibu akueleze hati ya malipo inapita meza ngapi. Nenda eneo la kazi, vaa kofia ya chuma na gambuti, usome shajara ya mradi; ndani ya shajara kuna mvua, kuna mashine mbovu, kuna siku ambazo vibarua hawakutokea, na kesi ya ucheleweshaji huamuliwa humo kuliko kwenye hotuba za mawakili. Halafu soma Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 pamoja na kanuni zake, siyo ile ya 2011 ambayo noti za kaka zako zimeibeba.

Baada ya miaka kadhaa, badili upande. Kama ulianza serikalini, nenda ukawatetee wakandarasi. Kama ulianza kwa wakandarasi, omba Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ile iliyoundwa mwaka 2018, ambayo ndiyo husimama mahakamani serikali inaposhtakiwa. Utakapokuwa umeona mkataba uleule kwa macho mawili, utaacha kuamini kwamba upande wa pili ni wezi au ni wazembe. Mara nyingi wamechoka tu, na faili limepotea.

Pia kuna Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma, PPAA. Maamuzi yake yasome kama wenzako wanavyosoma matokeo ya Simba na Yanga. Pale utaona mzabuni ametupwa nje kwa sababu hati ya kumpa mtu mamlaka ya kusaini haikuambatanishwa, na utaona afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, amepigwa mwereka kwa sababu alitumia kigezo ambacho hakikuwamo kwenye nyaraka za zabuni. Uzuri wa chombo hicho ni kwamba shauri linakwenda haraka. Ubaya, kwa mteja wako, ni kwamba siku za kulalamika zinahesabika kwa vidole vya mkono, kuanzia kwa afisa masuuli kwenyewe. Mteja akija kwako baada ya kumaliza kulia nyumbani, muda umekwisha.

Kuhusu ujaji: ndiyo, inawezekana. Miaka 10 ya kisheria inatoka kwenye uwakili au utumishi wa umma, Katiba haikudai iwe ya kesi za mauaji. Ila sisi hatuna mahakama maalumu ya madai dhidi ya serikali kama ile ya Washington. Jaji wa Mahakama Kuu Kanda ya Mwanza asubuhi anaweza kusikiliza mirathi ya Magu, mchana mgogoro wa ardhi wa Ilemela, kesho yake mkandarasi wa maji. Kwa hiyo usiwe mtu wa mikataba peke yake. Na kama uko katika kazi hii kwa ajili ya ujaji tu, acha sasa hivi; uteuzi kwetu hauna ahadi, na utakaa unatazama simu mpaka ufikishe miaka 60, ambao ndio umri wa jaji wa Mahakama Kuu kustaafu.

Mama Wakili naomba msaada wako. Nilipeleka maharage shule moja ya bweni ya serikali mwaka juzi, mpaka leo sijalipwa. Nikienda halmashauri naambiwa bajeti, nikienda shule naambiwa niende halmashauri. Nimekutumia picha za karatasi zangu. Nataka kushtaki. – Mfanyabiashara, Sengerema

Pole sana kaka yangu. Karatasi nimezitazama, nikavaa miwani nikazitazama tena.

Delivari noti yako inasema "maharage gunia 40". Chini kuna sahihi, basi. Hakuna jina la aliyesaini wala cheo chake. Tarehe ina siku na mwaka, mwezi haupo. Muhuri upo, lakini ni wa duka lako mwenyewe. Wa shule haupo. Halafu LPO, yaani hati ya agizo la ununuzi: hiyo ni halali, ina namba, ina sahihi ya mkuu wa shule, ila imetolewa wiki mbili baada ya mzigo kufika. Wakili wa upande wa pili ataanzia hapo. Atakuuliza kwa upole kabisa: ulipeleka mzigo kwa agizo la nani?

Kabla ya kushtaki, fanya hivi. Nenda shule, umwone mtunza stoo aliyepokea, kama amehama mtafute alipo. Omba nakala ya ukurasa wa leja ya stoo unaoonyesha maharage yameingia. Serikali ikishaandika kwenye leja yake kwamba imepokea, haiwezi kukukana kirahisi. Uliza kama kamati ya ukaguzi na mapokezi iliandika taarifa. Kisha andika barua ya madai kwa mkurugenzi wa halmashauri, yeye ndiye afisa masuuli, uambatanishe nakala za kila kitu, na nakala yako igongwe muhuri wa "imepokelewa" masjala. Usiondoke bila muhuri huo hata wakikuambia mpokeaji ametoka kwenda kula. Madeni ya wazabuni hufanyiwa uhakiki, na asiyekuwa na barua kwenye faili hayumo kwenye orodha.

Kama bado ni kimya, ndipo notisi. Huwezi kuishtaki serikali au halmashauri bila kutoa notisi ya siku 90, na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Siku 90 zikipita, shauri linafunguliwa Mahakama Kuu, hata kama deni ni la magunia 40. Ndiyo, hata mimi naona ni mzigo kwa mtu wa Sengerema, lakini tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 ndivyo ilivyo. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, kwa hiyo bado uko ndani, ila usilale.

Na kwa kuwa toleo hili limetawaliwa na Marekani: wana sheria tangu mwaka 1982 inayosema serikali ikipokea bidhaa na ankara iliyo sahihi, ilipe ndani ya siku 30 kama mkataba haukusema vingine, ikichelewa, riba inaanza kuhesabika yenyewe bila mzabuni kupiga magoti. Ningeifurahia sheria ya namna hiyo kuliko ziara kumi za viongozi wakituambia wafanyabiashara ni wadau. Lakini soma vizuri: "ankara iliyo sahihi". Hata kule, kwa delivari noti kama yako, siku 30 zisingeanza.

Njoo ofisini na karatasi zenyewe, mtaa wa Rwagasore. Picha za simu zimekata pembeni.

Habari Mama. Sisi ni kikundi cha akina mama Ukerewe, tunashona sare. Tumeambiwa kuna zabuni za vikundi, ila kuna mfanyabiashara anasema tumpe jina la kikundi aombe yeye, atatupa asilimia kidogo. Tukubali? – Katibu wa kikundi, Nansio

Msikubali.

Sheria inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya bajeti yao ya ununuzi kwa ajili ya makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Huyo bwana anaijua sheria hiyo vizuri, ndiyo maana anawataka. Akishinda kwa jina lenu na asipoleta sare, anayeandikwa kwamba amevunja mkataba ni nyinyi, na mnaweza kufungiwa kushiriki zabuni za serikali wakati yeye anahamia kikundi kingine.

Nendeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, mhakikishe usajili wenu uko hai, mpate TIN na akaunti ya benki ya kikundi, kisha mjisajili kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Zabuni zote za umma sasa zinapita humo, kwa hiyo mtu akiwaambia ana njia ya pembeni, mjue ni ya kwake. Anzeni na oda mnayoweza kuimaliza kwa vyerehani mlivyonavyo. Mkipata mkataba wa kwanza, msisaini siku hiyohiyo. Ombeni siku mbili, mnitumie. Mkipanda meli kuja Mwanza, leteni na katiba ya kikundi, ile yenye muhuri, nione nani kati yenu ameruhusiwa kusaini.